Je, aina ya embe iliyoachwa na babu inaweza kusajiliwa rasmi?

Mwenye Kitalu, Ruai

Salamu kwenu nyote. Ninaendesha kitalu kidogo cha miche ya matunda hapa Ruai, na nina swali ambalo limeninyima utulivu tangu mvua za vuli. Kwetu ni Mwala, Kaunti ya Machakos, ambako marehemu babu yangu aliacha miembe minne inayojulikana na kijiji kizima. Matunda yake ni ya ukubwa wa wastani, ganda lake hubaki la kijani hata yanapoiva, nyama yake haina nyuzi za kukwama menoni, na huchelewa kuiva hadi maembe mengine yanapokaribia kwisha sokoni. Majirani huyaita maembe ya mtoni, kwa sababu miti hiyo imesimama ukingoni mwa mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu.

Kwa miaka sita nimekuwa nikikata vikonyo, yaani vitawi vichanga vya kubebeshea, kutoka kwa miti hiyo na kuvibebesha kwenye miche iliyooteshwa kutokana na kokwa za maembe ya kawaida. Mwaka jana mnunuzi mmoja alichukua miche 40, na baada ya muda nikaona tangazo lake akiiuza kwa jina alilolitunga mwenyewe, huku akidai kwamba aina hiyo ni yake. Kisha wiki iliyopita mteja mwingine, anayehitaji miche 300 kwa shamba lake la Makueni, aliniomba cheti cha usajili wa aina kabla ya kulipa chochote. Sina cheti hicho, wala sikujua kwamba kipo.

Naomba kueleweshwa. Je, aina ya kienyeji kama hii inaweza kusajiliwa, na ni nani anayeisajili? Je, nimekuwa nikivunja sheria kwa kuuza miche yake? Na nikiisajili, je, majirani wa Mwala ambao pia wana miti iliyotokana na ile ya babu watahitaji ruhusa yangu? Jambo hili la mwisho linanitia hofu kuliko yote, kwa maana babu hakumnyima mtu kikonyo hata siku moja.

Mkaguzi Mstaafu, Dagoretti

Ndugu wa Ruai, umeuliza swali moja lenye milango mitatu, na watu wengi hupotea kwa sababu huingia mlango usio wao. Nimeshughulika na ukaguzi wa mbegu na miche kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Mlango wa kwanza ni haki za mzalishaji wa aina mpya ya mimea. Haki hizi hutolewa chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, iliyotungwa mwaka 1972, na msimamizi wake ni KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ambalo makao yake makuu yako hapa Karen. Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na mwaka 2016 ikaingia katika mkataba wake wa 1991. Mkataba huo humpa mwenye aina mpya ulinzi usiopungua miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25. Ili aina ikubaliwe, ni lazima itofautike na aina nyingine zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike inapozalishwa tena na tena. Katika masharti hayo embe lako lisingepata shida kubwa, kwa sababu miche yote iliyobebeshwa vikonyo vya mti mmoja ni nakala ya mti huo. Kinachokuzuia ni sharti la nne, yaani upya. Mkataba huo unataka aina ya mti iwe haijauzwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi kuwasilishwa. Wewe umeuza kwa miaka sita, na kijiji kimekula matunda yake tangu enzi za babu. Mlango huo umefungwa kwako, na nikuambie kwa moyo wote kwamba ni heri umefungwa, kwa kuwa kufuli hilo hilo linamfungia pia yule mnunuzi wako. Hawezi kupewa haki juu ya kitu ambacho Mwala nzima inakijua, mradi kuna mtu wa kuleta ushahidi.

Mlango wa pili ni orodha ya kitaifa ya aina zilizoidhinishwa kuzalishwa na kuuzwa kibiashara. Huenda mteja wako alikuwa na maana hii. Taratibu zake ziliundwa kwanza kwa kufikiria mahindi, ngano na mazao mengine ya msimu, ambayo unaweza kuyajaribu katika sehemu mbalimbali za nchi na kupata jibu baada ya misimu michache. Mwembe uliobebeshwa husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa, na huhitaji mingine kadhaa kabla hujajua tabia yake. Kwa mwenye kitalu kidogo, gharama na subira ya njia hiyo ni mzigo mzito.

Mlango wa tatu ndio ulio wako leo, nao ni usajili wa kitalu chenyewe na ukaguzi wa miti mama, yaani ile unayokata vikonyo. Vitalu vya matunda husajiliwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, iliyo chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula. Wakaguzi hutazama udongo wako, usafi wa visu, magonjwa, kumbukumbu za mahali vikonyo vilipotoka, na kama miti mama inatambulika. Usidhani kwamba mche si mbegu. Katika sheria yetu neno mbegu limepewa maana pana inayojumuisha kipandikizi, kikonyo, shina la kubebeshea, chipukizi na hata kiazi, ilimradi kinatumika kuzalisha mmea mwingine. Mteja wako ana haki ya kutaka uthibitisho wa afya ya miche. Mwonyeshe cheti cha kitalu, kisha umweleze wazi kwamba aina yenyewe ni ya kienyeji na haimo katika orodha.

Binti wa Malindi, South C

Shikamoo, Mzee Mkaguzi. Umetufungulia macho. Mimi ningependa kuongeza jambo moja linalotangulia milango yote mitatu, nalo ni jina na maelezo ya aina.

Kwetu pwani watu hutaja ngowe, dodo, boribo na batawi kana kwamba kila jina ni mti mmoja, ilhali nimewahi kununua miche ya boribo katika vitalu viwili, na baada ya kuzaa ikaonekana wazi kwamba si ndugu. Ngowe hutambulika kwa urefu wake na ncha iliyopinda kama ngoe ya kuangulia matunda. Lakini hata jina lililo wazi hivyo linaweza kubandikwa kwenye mti usiostahili, hasa muuzaji anapojua kwamba mnunuzi atasubiri miaka kabla ya kugundua. Hata embe apple, ambalo asili yake inahusishwa na Malindi na ambalo leo limejaa katika soko la Wakulima na Gikomba, huuzwa kwa jina hilo hilo likiwa na sura zaidi ya moja. Kuna pia kokwa za maembe ambazo huotesha machipukizi kadhaa kwa pamoja, mengi yakiwa nakala ya mti mama, na kuna zile zinazootesha chipukizi moja tu, ambalo huwa na damu ya baba na mama. Mtu aliyepanda kokwa ya aina hii ya pili na kulipa tunda lake jina la mti mama amezaa aina nyingine bila kujua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza kwa kuandika. Kila mti kati ya ile minne uandikie ukurasa wake: rangi ya majani machanga yanapochipua, umbo na urefu wa jani lililokomaa, harufu yake linapovunjwa, rangi ya shada la maua, mwezi wa kuchanua na mwezi wa kuiva. Pima matunda 20 ya kila mti, si yale mazuri tu, na uandike uzito, urefu, unene wa ganda, uwepo wa nyuzi na umbo la kokwa. Piga picha zenye rula pembeni. Usijiaminishe kwamba miti minne ya babu ni aina moja hadi kurasa hizo zikubaliane. Kisha waulize wazee jina la zamani, nani aliileta miti hiyo na kutoka wapi, na uyaandike maneno yao kwa lugha yao ya Kikamba kabla ya kuyatafsiri. Jina "maembe ya mtoni" lina thamani, kwa sababu linaonyesha kwamba jamii iliitambua aina hiyo kabla ya yule mnunuzi kuipa jina lake.

Wakili, Ngara

Nitaongezea upande wa Katiba, kwa kuwa haujatajwa. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili, sifa zake mbalimbali, na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Zingatia kwamba kinachotajwa hapo ni jamii. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti kazi ya kusajili maarifa ya jadi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia inayojibu hofu yako kuhusu majirani. Mwenye haki katika njia hiyo ni jamii, nawe ungekwenda Machakos pamoja na wazee, jina lako likiwa moja kati ya mengi.

Kuhusu kuvunja sheria, Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Nakuru iliamua kesi ya wakulima wadogo 15 na kutangaza kwamba vifungu vilivyowaharamishia wakulima kugawana, kubadilishana na kuuza mbegu za kienyeji zisizosajiliwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Adhabu iliyokuwa ikiwakabili ilifikia kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Hata hivyo, nisingekushauri uuchukulie uamuzi huo kama ruhusa ya kuuza miche 300 bila kitalu chako kukaguliwa. Mkulima anayempa jirani kikonyo na mfanyabiashara anayesafirisha miche hadi kaunti nyingine hawasimami mahali pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba hatuna mlango mwepesi kwa aina za kale za miti ya matunda. Umoja wa Ulaya, ambao hausifiki kwa ulegevu wa kanuni, una agizo la mwaka 2008 kuhusu miche ya matunda linaloruhusu aina iliyokuwa sokoni kabla ya tarehe 30 Septemba 2012 kuendelea kuuzwa, mradi ina maelezo yanayotambuliwa rasmi. Mwenye tufaha la kale hatakiwi kuthibitisha kwamba linazidi matufaha mapya kwa mavuno. Anatakiwa kueleza ni tufaha gani. Kurasa alizozitaja Dada wa Malindi zingetosha kuwa mwanzo wa daftari la namna hiyo hapa kwetu, na sioni kwa nini tusilidai kutoka kwa Wizara ya Kilimo.

Mwenye Kitalu, Ruai

Nawashukuru sana. Nimempigia mteja wa Makueni na kumweleza ukweli wote, naye amekubali kusubiri kitalu kikaguliwe. Mama yangu ameahidi kuwakusanya wazee Jumamosi. Nimebakiwa na swali moja: nimesikia kwamba hifadhi ya taifa ya mbegu iko Muguga. Je, naweza kuwapelekea kokwa ili aina hii isipotee hata miti minne ikianguka?

Mkaguzi Mstaafu, Dagoretti

Nenda Muguga, kwenye taasisi ya rasilimali za kijenetiki ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, uwaonyeshe kurasa zako, lakini usiende ukitarajia waweke kokwa katika vyumba vya baridi. Kokwa ya embe haistahimili kukaushwa wala kugandishwa kama punje ya mtama au kunde. Kokwa hiyo ikikauka, hufa. Embe huhifadhiwa likiwa mti unaoishi shambani. Kwa hiyo, kabla ya kuuza mche mwingine wowote, bebesha miche michache kutoka kwa kila mti wa babu, uipande katika mashamba matatu yasiyopakana, mawili kati ya hayo yakiwa mbali na ule mto. Funga kwenye kila mche kibao cha bati chenye namba ya mti mama, maana karatasi ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino hufutika kwa jua kabla ya mwaka kwisha.