Marmite kwenye mkate: ubaya ni wa kitu chenyewe au wa mpakaji?

Wana mjadala, hoja iliyoletwa ni hii: mwenzetu amesema Marmite ni masalia ya kiwanda cha bia yaliyotiwa chumvi, na kwamba Waingereza wanaila kwa mazoea tu. Wengi wamemuunga mkono. Mimi napinga, tena kwa moyo wote, maana hapa Uingereza ninakoishi naila karibu kila asubuhi na wanangu nawapa.

Kwa asiyeijua, ni kitu cheusi, kizito, kinachonata kushinda asali, na kinauzwa kwenye chupa ya rangi ya kahawia yenye kifuniko cha njano. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1902 huko Burton upon Trent, mji wa viwanda vya bia, ikatumia hamira iliyobaki kwenye kiwanda cha bia cha Bass. Hamira hutiwa chumvi na kupashwa moto hadi seli zake zijimeng'enye zenyewe, maganda yakachujwa, kisha maji yake yakachemshwa mpaka yakawa mazito. Kinachopatikana kina glutameti nyingi, ndiyo maana ukiiweka ulimini unahisi mchuzi wa nyama wakati nyama haimo.

Kwa hiyo kweli, ni masalia. Lakini sikilizeni masalia hayo yalifanya nini. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkubwa wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, wengi wao wanawake maskini waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Alishuku chakula chao. Alipowapa Marmite, damu ikarudi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1931, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua ni kitu gani hasa ndani yake kilichoponya. Baadaye kikatambuliwa kuwa foleti, aina ya vitamini B. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito Tanzania au Kenya akapewa vidonge vya kuongeza damu amemeza, pamoja na madini ya chuma, dawa ya jamii hiyo hiyo. Mtu akishalijua hilo, neno "uchafu" linamtokaje kinywani?

Sasa ladha. Mimi nasema wanaoichukia wengi wao hawajaila, wamelishwa vibaya. Mgeni anafika, anawekewa tosti, anaona kitu cheusi kinachong'aa, anadhani ni jamu ya aina fulani, anachota kijiko kizima na kupaka mpaka pembeni. Lazima ateme! Hakuna anayechota kijiko cha achari ya ndimu akala kitupu, halafu akatangaza kwamba achari haifai.

Inapakwa hivi. Mkate uchomwe mpaka uwe na rangi, na siagi ipakwe wakati bado una moto ili iyeyuke na kuingia ndani. Siagi iwe ya kutosha, msiifanyie ubahili. Kisha chovya ncha ya kisu tu, buruta juu ya siagi mpaka ibaki michirizi ya kahawia na mkate uonekane katikati yake. Ukiona slesi imekuwa nyeusi yote, umeshaharibu. Na asiyetaka mkate aijaribu kwenye maharage au supu ya mboga, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, na apunguze chumvi.

Tangazo lao la tangu 1996, kwamba ama utaipenda ama utaichukia, limeuza chupa nyingi lakini limetuharibia mjadala. Watu wanaonja wakiwa wameshajipanga kambini. Waaustralia nao wana Vegemite yao, nayo ya hamira, iliyotengenezwa na Cyril Callister na kuanza kuuzwa mwaka 1923, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuvuruga shehena za Marmite. Hao ugomvi wao ni ipi kati ya hizo mbili ni bora, na huo nauona ugomvi wa maana zaidi.

Hoja mbili za wapinzani nazipokea. Ya kwanza ni chumvi: takriban gramu 10 katika kila gramu 100, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mwenye presha awe mwangalifu, na mtoto apakiwe kidogo sana. Ya pili ni ya dini. Wapo Waislamu wanaoila na wapo wanaoiacha kwa sababu hamira yake imepita kwenye bia. Anayeiacha kwa imani yake namheshimu, na sitabishana naye.

Lakini wewe unayesema tu kwamba ni mbaya, kabla hujanijibu niambie: siagi ilikuwepo? Mkate ulikuwa wa moto? Ulipaka kiasi gani?