SHA: shida ni asilimia 2.75, au ni kulipa mwaka mzima kwa mkupuo?

Mwananchi_Likoni aliuliza:

Wenye ujuzi wa makato na bima, naomba hesabu. Siasa tumezisikia za kutosha. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kila mtu ana kilio chake. Wa mshahara analia na asilimia 2.75 isiyo na kikomo. Mama mboga na fundi wa jua kali wanalia kwamba wanadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Serikali inajibu kwamba kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, wakati NHIF ilitoza 500, kwa hiyo maskini kapunguziwa. Yote haya yanakuwaje kweli kwa wakati mmoja? Na makadirio ya asiye na mshahara yanatoka wapi? Mbona watu wawili wenye vibanda vya mboga vinavyopakana, mmoja anapewa 300 na mwenzake zaidi ya 1,000?

Karani_wa_Mishahara:

Yote ni kweli, inategemea unamwangalia nani. Nichukue upande wa mshahara.

Mchango ni 2.75% ya mshahara wote kabla ya makato, marupurupu yakiwemo. NHIF ilikuwa na jedwali lililokoma kwenye 1,700 kwa yeyote anayepata 100,000 kwenda juu. Wa 20,000 alikatwa 750, sasa ni 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750, na wa 500,000 analipa 13,750 badala ya 1,700 ileile. Nafuu inaishia karibu na mshahara wa 32,700. Kuanzia hapo unalipa zaidi ya zamani.

Lakini wengi wanasahau kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa SHA unatolewa kwenye pato kabla ya kodi kupigwa. Wa 100,000 yuko kwenye kodi ya asilimia 30, kwa hiyo ile 2,750 inampunguzia kodi 825 na mzigo wake halisi ni 1,925. Zamani alikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya mchango wa NHIF, yaani 255, akabaki na 1,445. Ongezeko linalomgusa mfukoni ni 480, wala si 1,050. Anayetaka kulalamika alalamikie 480.

Malalamiko yenye uzito zaidi ni haya mawili. Mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, wote wanakatwa, na bado ni kaya moja yenye haki zilezile. Na mwajiri haongezi hata senti. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo watu wanaumia. Karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa, hospitali inaona hujalipa. Usingoje kuugua. Piga *147# baada ya tarehe 9 uangalie kama mchango umeingia. Kama haujaingia, peleka karatasi ya mshahara kwa mwajiri kwanza, kisha ofisi ya SHA ya kaunti.

Afya_Mashinani:

Mimi naona kosa kubwa liko kwa wasio na mshahara, na halimo kwenye ile 2.75.

Angalia kiwango cha chini. Shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya pato la kama 10,900. Anayepata 5,000 kwa mwezi, akitozwa 300, analipa asilimia 6 ya pato lake. Yaani maskini wa chini kabisa anabeba zaidi ya mara mbili ya asilimia ya mkurugenzi. Kwa shilingi kapunguziwa kweli, 3,600 kwa mwaka badala ya 6,000 za NHIF. Ila zile 6,000 zilitoka kidogo kidogo, 500 kila mwezi. Hizi 3,600 zinatakiwa siku moja, na mama wa kibanda hana siku ambayo 3,600 ziko mkononi bila kuwa mtaji wa kesho asubuhi. Akizitoa, meza inabaki tupu.

Sasa vile vibanda viwili. Hakuna anayeona kitabu cha mauzo, kwa sababu hakipo. Maswali ni ya nyumbani: mko wangapi, ukuta ni wa nini, paa, sakafu, choo cha aina gani, maji mnayapata wapi, mnapikia nini, mna umeme, mna mali gani. Kutokana na majibu hayo mfumo unakisia pato la kaya. Ndiyo maana mjane aliyejengewa nyumba ya mawe na wanawe anatoka na mchango mkubwa ingawa hana pato lolote, na mwenye biashara nzuri anayepanga chumba cha mabati anatoka na 300. Ukuta haukuambii nani ana pesa wiki hii.

Makosa yanayopandisha makadirio bila sababu mara nyingi hutokea wakati wa kujaza. Mtu anajibiwa maswali na kijana wa saibakafe asiyejua nyumba yake. Au anataja mali ya mwenye nyumba kana kwamba ni yake. Au anaacha watoto bila kuwaandikisha, kaya inaonekana ndogo na tajiri. Jaza mwenyewe, au kaa na anayekujazia swali kwa swali. Waandikishe mke au mume na watoto wote kabla ya kufanya tathmini. Wazazi wako hawaingii kwenye kaya yako; kila mmoja anajiandikisha kivyake. Makadirio yakikupita uwezo, usiyaache hivyo ukanyamaza. Nenda ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre na kitambulisho, uombe tathmini irudiwe.

Jambo moja linalowapotosha wengi: kujiandikisha tu, bila kulipa, kunakupa huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, kwa pesa za serikali. Kulazwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu kunahitaji mchango uliolipwa. Waliojiandikisha walipita milioni 20 mwaka 2025, lakini usiihesabu hiyo kuwa milioni 20 ya wanaochangia.

Pwani_ya_Tanga:

Ndugu Afya_Mashinani, kuhusu ukuta nakubaliana nawe. Kuhusu malipo ya mwaka mzima sikubaliani.

Bima ya hiari inayolipwa mwezi kwa mwezi hukusanya wagonjwa. Mjamzito analipa miezi michache, anajifungua kwa upasuaji, anaacha. SHA inalipa 30,000 kwa upasuaji wa uzazi na 10,000 kwa kujifungua kawaida. Hiyo 30,000 ni michango ya kiwango cha chini ya miaka minane na zaidi. Kusafisha damu ni 10,650 kwa kila awamu. Mgonjwa wa awamu mbili kwa wiki anahitaji 1,107,600 kwa mwaka. Hapo zinatakiwa kaya kama 308 zinazolipa 3,600, na zote zikae mwaka mzima bila kuugua. Ruhusu watu kuingia na kutoka, zile kaya 308 hazitakuwepo.

Huku kwetu Tanzania tuliliona kwa Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto. Ilikuwa shilingi 50,400 za Tanzania kwa mtoto kwa mwaka, mzazi anamsajili mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakasajili zaidi watoto wanaougua, mfuko ukalemewa, na Machi 2023 usajili wa mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Na hiyo ilikuwa ya mwaka, sembuse ya mwezi.

Mwananchi_Likoni:

Asanteni sana, ndugu zangu. Basi kuna njia ya kulinda mfuko bila kumnyang'anya mama mtaji? Na ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole ni suluhisho?

Afya_Mashinani:

Pwani_ya_Tanga, hoja ya kaya 308 nimeipokea, ina nguvu. Lakini mfuko unahitaji kaya ikae mwaka. Hauhitaji pesa zote zitoke siku moja kwenye kibeti kimoja.

Lipa SHA Pole Pole ni mkopo. SHA inapata mchango wa mwaka, wewe unalipa deni kidogo kidogo. Kabla ya kukubali, soma jumla utakayorudisha uilinganishe na makadirio yako, na ujue ukikwama deni linabaki lako.

Njia ninayoiona bora ni chama. Wanachama 12 wenye makadirio ya 3,600 kila mmoja, kila mmoja achange 300 kwa mwezi. Kila mwezi inapatikana 3,600, inayomlipia mwanachama mmoja mwaka wake mzima. Ni mzunguko uleule wa merry-go-round, bila riba. Aanze mjamzito au mwenye mgonjwa nyumbani. Shilingi zitumwe na mweka hazina moja kwa moja kwa nambari ya kitambulisho cha mwanachama, zisipitie mkononi mwa mwanachama huyo, na ujumbe wa malipo uonyeshwe kikaoni. Wa mwisho kwenye foleni atakaa miezi 11 bila bima ya kulazwa, kwa hiyo wekeni akiba ya dharura, hata 50 kila mmoja kwa mwezi, ya kumruhusu mtu mmoja kurushwa mbele akipata dharura. Wenye makadirio tofauti wasichanganywe kundi moja, hesabu itawagombanisha.