Jicho moja linaona viwili: miwani, matone au upasuaji?

Mshonakofia, Langoni, Lamu
Assalamu alaikum jamaa. Nina miaka 46, nashona kofia za mkono, na kabla ya kushika sindano nilivua miaka 14. Jicho langu la kulia linaniletea vitu viwili. Nilitambua usiku wa kutafuta mwezi mwandamo wa Shaabani, tumesimama pale gatini. Wenzangu wanaonyeshana mwezi mmoja mwembamba, mimi naona miwili imepandana, wa pili hafifu, chini kidogo ya wa kwanza. Nilinyamaza, nikadhani ni uchovu. Sasa imeingia kazini. Kila kitobo cha kofia kina kivuli chake ubavuni, na sindano inachoma pasipo tundu.

Nimeshauriwa mambo matatu. Muuza miwani asema ni miwani tu. Jirani asema matone ya macho. Binamu yangu wa Mombasa asema huo ni mtoto wa jicho, nikapasuliwe. Pesa niliyo nayo ni ya safari moja. Nianze na lipi?

Muuguzi mstaafu, Mkomani
Wa alaikumu salaam mwanangu. Usianze na lolote kati ya hayo. Funika jicho la kushoto kwa kiganja, utazame taa ya mbali. Kisha funika la kulia. Uniambie viwili vinabaki lini.

Nauliza kwa sababu haya ni magonjwa mawili tofauti yenye jina moja mdomoni mwa watu. Ukifunika jicho lolote na viwili vikawa kimoja, basi kila jicho peke yake ni zima, ila hayatazami pamoja. Hapo tunaogopea mishipa ya fahamu, kiharusi, sukari. Mtu akianza hivyo ghafla, tena kichwa kinamuuma sana au kope imeanguka, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi. Lakini viwili vikibaki kwenye jicho moja huku jingine limefunikwa, shida iko ndani ya jicho lenyewe, na mara nyingi inatibika bila haraka ya kutisha.

Mshonakofia
Nimefanya mara tatu. Nikifunika la kushoto, taa ni mbili. Nikifunika la kulia, ni moja safi.

Muuguzi mstaafu
Alhamdulillah. Sasa chukua kofia yako mwenyewe, ile yenye vitobo vidogo kama kichwa cha pini, milimita moja hivi. Funika la kushoto, utazame taa hiyo kwa la kulia kupitia kitobo kimoja tu.

Mshonakofia
Mama, taa imekuwa moja! Kivuli kimetoweka kabisa. Nikiondoa kofia kinarudi. Nimekaa nayo robo saa, sikuamini.

Muuguzi mstaafu
Hospitali wana kibao cheusi chenye tundu kwa kazi hiyo hiyo. Kitobo hupitisha miale michache ya katikati, na ile inayopindishwa vibaya huzuiliwa. Kwa hiyo tunashuku sehemu ya mbele ya jicho: machozi, konea (kile kioo cha nje), au lenzi iliyo nyuma ya mboni. Kama kivuli kingebaki vilevile, ningeanza kufikiria retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru). Wenye nyumba za zamani watazame boriti za dari kwa jicho moja moja. Zikionekana zimepinda kwa jicho moja na zimenyooka kwa jingine, hiyo ni retina, na miwani haitasaidia.

BintiFaza
Mimi nilikuwa kama wewe kaka, na yangu yalikuwa matone. Nafanya kazi ya kompyuta siku nzima, na upepo wa kaskazi ukianza macho yanakauka kama mchanga. Herufi zinakuwa na kivuli. Dalili yangu ilikuwa hii: nikipepesa macho mara mbili tatu, kivuli kinaondoka, kisha kinarudi baada ya muda. Kama chako hubadilika ukipepesa, jaribu machozi ya bandia kabla ya kusafiri. Natia mara nne kwa siku, na nimejizoeza kupumzisha macho.

Muuguzi mstaafu
Sawa binti, lakini soma kichupa. Machozi ya bandia ni salama. Kuna matone mengine yanayouzwa kiholela, yenye deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi), yanayotoa wekundu kwa siku mbili ukafurahi. Ukiyatia miezi bila daktari yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho wa kweli. Nimeona vijana wakipoteza uoni kwa njia hiyo na bado inaniuma. Asali, maji ya kitunguu na maziwa ya mama navyo tuviache jikoni na kwa watoto. Wazee wetu walisema, mato hayatezewi, yaani macho hayachezewi.

Nahodha wa Shela
Yangu ilikuja kwa pigo. Tulikuwa tunageuza tanga, kamba ya demani ikanichapa usoni. Uvimbe ulipotoka nikabaki na maboya mawili kila penye boya moja. Nilinunua miwani mara mbili kwa watu wawili tofauti, pesa ikaenda bure, kwa sababu hakuna aliyenitazama kwa ile mashine yenye taa. Alipotokea daktari wa macho akanitazama, aliona lenzi imehama mahali pake. Ilitolewa nikawekewa nyingine. Ndugu, uliwahi kupigwa jichoni? Kama ndiyo, mwambie daktari kabla hajauliza.

Mwalimu, Mpeketoni
Niseme juu ya upasuaji, kwa sababu mamangu alikuwa na mtoto wa jicho. Yeye kivuli kilikuja pamoja na ukungu, na taa za pikipiki usiku zilimtawanyikia kama jua. Kumpa miwani mipya kulisaidia mwaka mmoja, baadaye hapana. Baada ya upasuaji aliona vizuri sana, kisha mwaka wa pili ukungu na kivuli vikarudi. Tulidhani ugonjwa umeota tena. Kumbe ngozi nyembamba inayoshikilia lenzi mpya ndiyo iliyofifia, ikatobolewa kwa leza dakika chache, bila kisu.

Aliogopa plastiki jichoni, nikamweleza kwamba si jambo la jana. Harold Ridley wa London alipandikiza lenzi ya kwanza mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta madhara.

Mshonakofia
Sijapigwa. Nikipepesa hakibadiliki. Ukungu sina. Ila nimejitazama kwenye kioo na tochi ya simu: upande wa pua, kile kinyama chekundu nilicho nacho tangu ujana baharini kimesogea, kimepanda juu ya cheusi cha jicho, kimekaribia mboni. Cha jicho la kushoto ni kidogo.

Muuguzi mstaafu
Sasa tumefika, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Kinyama hicho ni cha wavuvi na wakulima, kinalishwa na jua, upepo na vumbi. Kikipanda huivuta konea, ikaacha kuwa mviringo kama mpira, ikawa kama yai. Nuru haikutani mahali pamoja, ndipo kivuli.

Kwa hiyo miwani inaweza kukusaidia, lakini kinyama kikiendelea kuvuta, kipimo kitabadilika na utanunua tena. Ikiwa daktari atasema kitolewe, uliza kama ataweka kipande cha ngozi ya jicho lako mwenyewe mahali kilipokuwa. Kukwangua tu na kuacha wazi hurudisha kinyama kwa watu wengi, tena kwa nguvu zaidi. Baada ya hapo ngoja wiki kadhaa jicho litulie ndipo upimwe miwani. Mimi, kwa pesa ya safari moja, ningeitumia kwa daktari wa macho na si kwa muuza miwani.

Na umepima sukari? Ikiwa juu, lenzi huvimba na kipimo cha miwani kinadanganya. Pima hospitali ya King Fahd hapa Lamu kabla hujapanda boti.

Mshonakofia
Nitapima kesho inshallah. Nafikiria Kwale, kwenye kituo cha macho. Nikitoka na boti ya asubuhi ya Mokowe naweza kupanda basi siku hiyo.

Nahodha wa Shela
Kwale pazuri. Ila usipange kurudi siku hiyo hiyo ya kuonwa. Watakutia dawa ya kupanua mboni, jua litakuumiza na vitu vya karibu hutaviona vizuri kwa saa kadhaa. Nenda na mtu, chukua miwani ya jua na kofia yenye ukingo. Beba pia kila kichupa ulichowahi kutia jichoni, hata kitupu.

Mshonakofia
Mwanangu wa kiume atanisindikiza. Vichupa ninavyo viwili, kimoja hakina karatasi.

Muuguzi mstaafu
Hicho kisicho na karatasi ndicho umwonyeshe kwanza.