Mto unakula kiwanja changu, malori ya mchanga yanaingia kila usiku. Nifanyeje?

Hatua Kumi na Moja ameandika:

Wakuu habari za muda huu, poleni na mihangaiko.

Naomba mnisikilize maana nimechoka. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja huku juu Mto Mbezi, Dar hii hii, enzi hizo pori tupu, boda akikuleta anakuuliza mara mbili kama kweli ndo unakoenda. Kiwanja kilikuwa kinaishia kwenye mwembe, baada ya mwembe kuna matete, afu ndo unashuka mtoni, na mto wenyewe kiangazi unauruka bila hata kuvua viatu, kina mama wanachota maji ya kumwagilia mchicha. Siku namaliza kuezeka nilipima kwa miguu kutoka ukuta wa chumba cha nyuma mpaka ukingoni, hatua 48, na mimi sio mrefu.

Jana nimepima tena. Hatua 11.

Mwembe uliondoka na zile mvua za mwisho wa 2023, usiku tukasikia kishindo tukadhani gari limepinduka, asubuhi mizizi juu matawi chini. Choo cha nje nacho kimeliwa upande, ukisimama chini mtoni unaona ndani ya shimo lote, tofali kwa tofali, sitaki kuelezea zaidi watu wanakula.

Sasa kinachoniuma sio mvua peke yake. Saa saba usiku zinaingia fuso mbili, wakati mwingine tatu, vijana na makoleo na tochi za kichwani, wanachimba mchanga kwenye kona palepale chini yangu, saa kumi na moja wameshaondoka. Nimepeleka malalamiko ofisi moja sitaitaja nikaambiwa hao wana kibali cha kusafisha mto. Mto gani unasafishwa usiku kwa tochi jamani?

Fundi amenipigia hesabu ya ukuta wa zege, nondo na kila kitu, milioni 14. Sina ila naweza kukopa. Kabla sijakopa nauliza, ukuta utasaidia au natupa hela? Na kama ni kushtaki naanzia wapi? Nawasilisha.

Kidampa amejibu:

Mkuu uza haraka kabla kiwanja hakijafika Kawe chenyewe bila dalali 😂

Pole lakini. Ngoja waje wajuzi, mi nimekaa paleee.

Mtoto wa Kigogo amejibu:

Pole sana mkuu, usiwasikilize wanaocheka. Mi nimezaliwa Kigogo bondeni, mto Msimbazi naujua kuliko ninavyojua jina la babu yangu. Baba alikuwa na tabia, maji yakiingia ndani yakishuka anachukua mkaa anachora mstari kwenye fremu ya mlango anaandika mwaka, kama vile watu wanavyopima watoto wanavyokua. Mistari ya zamani ilikuwa chini ya goti. Ule wa Desemba 2011 aliuchora akiwa amesimama juu ya kigoda. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jiji zima na wengine wakapelekwa Mabwepande huko pembezoni mwa jiji wapewe viwanja, wengi wakarudi maana Mabwepande nauli tu inamaliza hela ya kula.

Nachotaka kukwambia, kila mtu bondeni alikuwa anamlaumu mwenzake wa juu. Sisi tunasema tatizo Pugu huko kwenye chanzo wamekata misitu kwa ajili ya mkaa, wa Vingunguti wanasema viwanda, na wakati huo huo mvua ikianza kunyesha usiku unasikia jirani anatapisha choo, anafungua karo lote liende na maji, asubuhi watoto wanacheza humo humo. Na sisi tulitapisha pia, sitakudanganya.

Desemba 2015 yakaja matingatinga, zile X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Sa hivi ni mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, watu wamelipwa fidia wamebomoa wenyewe wameondoka, na Jangwani linawekwa daraja la juu. Hiyo ndo bei ya kurekebisha mto mmoja ulioachwa ukaharibika. Wenu bado mdogo mdogo, msisubiri ufike huko.

Fremu ya mlango mzee aliing'oa akaenda nayo Chamazi. Ipo stoo.

Mama Vetiva amejibu:

Mwanangu usijenge ukuta. Nasema kwa herufi kubwa USIJENGE. Nimefanya kazi za mito na barabara miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja nikueleze taratibu.

Mto una mchanga wake kama mtu alivyo na nyama. Ukichimba shimo kwenye kitanda cha mto, maji yakishuka kwa kasi yanakuta pale kuna ngazi, yanaanguka, yanakula ile ngazi kurudi nyuma. Kwa hiyo shimo halikai pale lilipochimbwa, linapanda mto. Wanachimba kwa jirani yako wa chini, mwezi wa nne linakuwa limefika kwako. Kitanda kikishuka mita mbili, kingo zinabaki zimesimama wima hazina pa kuegemea, mvua ikizilowesha zinaporomoka zenyewe hata maji ya mto hayajazigusa. Angalia madaraja mengi huko kwetu, nguzo zimebaki uchi, msingi uliofukiwa na mhandisi sa hivi mbuzi anapita chini yake.

Ukuta wa zege unawekwa msingi wa mita moja, moja na nusu. Mto unachimba chini ya msingi, ukuta unalala kifudifudi kama mlevi, milioni 14 zimeingia mtoni. Na hata ukisimama, maji yakigonga zege hayapungui nguvu, yanatupwa upande wa pili, unamuua jirani wa ng'ambo ambaye naye atajenga wake ayarudishe kwako.

Halafu kuna jambo watu hawalitaki. Sensa ya 2002 Dar tulikuwa milioni 2.5, 2012 tukawa milioni 4.36, 2022 milioni 5.38. Kila mmoja anaweka bati, anaweka pavingi uwanja mzima mpaka getini eti matope yanachafua gari, na mfereji wa bati anauelekeza barabarani. Zamani mvua ya saa moja ilikuwa inanyonywa na ardhi inafika mtoni kidogo kidogo siku mbili tatu. Sasa inafika yote kwa pamoja ndani ya nusu saa. Mto ule ule, maji yanakuja mkupuo.

Na mchanga usiofika baharini nao una kesi yake. Unajua kituo cha Africana barabara ya Bagamoyo? Wengi wanashuka pale kila siku hawajui kuna hoteli iliitwa hivyo ufukweni, bahari ikaila. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito hii ya kaskazini mwa jiji unatajwa miongoni mwa sababu, maana ufukwe unalishwa na mto, mto ukinyang'anywa ufukwe nao unakonda.

Nikuulize, yale matete uliyotaja yalienda wapi?

Hatua Kumi na Moja amejibu:

Mama shikamoo. Kwa kweli matete niliyafyeka mwenyewe 2015, mke alikuwa analalamika nyoka na mbu.

Mama Vetiva amejibu:

Marahaba. Nilijua. Wote mnafyeka halafu mnakopa hela ya zege.

Koleo Moja amejibu:

Wakubwa samahani mi nitaongea na mkitaka kunitukana nitukaneni. Nimechimba mchanga mtoni miaka minne, sio huko kwa mleta mada, mto mwingine. Tunakuwa sita kwenye fuso moja, tukijaza tunagawana, mtu anaondoka na elfu tano au sita kwa tripu, mwenye gari anauza mara nyingi zaidi ya hapo. Unaingia majini saa saba usiku maji ya baridi mpaka kiunoni, koleo likigonga chupa mkono unapasuka. Kijana mwenzangu alifukiwa na ukingo, tulimtoa akiwa hai lakini mguu sio mguu tena. Kwahiyo msidhani tunapenda.

Nauliza swali moja tu kwa heshima. Kaka mleta mada, tofali za hiyo nyumba ulinunua wapi?

Maana mchanga wa mto fundi wote wanaulilia, umeoshwa, hauna udongo, tofali linatoka na sauti ukiligonga. Wa shimoni wanasema mchafu. Mteja anataka tofali zuri la bei nafuu na lifike kesho asubuhi. Sasa likifika kesho asubuhi lazima kuna mtu alikuwa mtoni usiku. Hata huyo fundi wa ukuta wa milioni 14, mchanga wake utatoka wapi? Atakuletea kona ile ile ya chini yako hahaha, utakuwa umenunua kiwanja chako mara ya pili.

Kidampa amejibu:

Aisee. Hapo kwa tofali nimeishiwa maneno mimi nisiyehusika.

Hatua Kumi na Moja amejibu:

Imebidi niende kuangalia daftari la ujenzi, mke alikuwa anaandika kila kitu. Tofali za nchi sita 2,800, zilitoka pale kwenye tofali za darajani. Darajani hapa hapa kwetu, mita mia tatu hivi kutoka nilipokaa. Na mchanga wa plasta tripu saba "mtoni".

Sina la kusema.

Wakili Njaa amejibu:

Watu wamesema mengi mazuri ila mkuu aliuliza pa kuanzia, na kwenye sheria kuna habari nzuri na mbaya.

Nzuri ni kwamba mchanga kisheria ni madini ujenzi, anayeuchimba kibiashara anatakiwa awe na leseni kutoka Tume ya Madini, hawezi tu kuja na kikaratasi. Na kama kweli wana kibali cha kusafisha mto, mambo ya mito ya Dar yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kwahiyo nendeni huko mkaulize kibali kimeandikwa nini, kinaanzia wapi kinaishia wapi na saa ngapi. Msiende kwa mdomo, andikeni barua mkae na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, nakala nyingine NEMC, wale wa mazingira. Mpige picha mchana za mashimo, usiku namba za magari, ila msiwasogelee, watu wa usiku hawana dogo. Na usiende peke yako maana ukienda peke yako wewe ni mtu mwenye ugomvi na majirani, mkienda kumi na tano na mwenyekiti wenu wa mtaa nyie ni wananchi.

Mbaya ni hii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua 48 za mtu asiye mrefu ni kama mita 33, 34. Kwahiyo tangu siku unajenga ulikuwa ndani. Ukiingia ofisini kudai mita 60 zilindwe, afisa mwenye akili atakuuliza na nyumba yako iko mita ngapi. Sikutishi, nakwambia ujiandae na hilo swali, na ndo sababu nyingine ya kutokwenda mwenyewe. Aliyekuuzia alijua, na aliyekusainia mauziano huenda naye alijua, ila hiyo ni kesi ya siku nyingine.

Mama Vetiva amejibu:

Wakili kasema kweli. Mimi nirudi kwenye udongo.

Ukingo uliosimama wima kwanza uchongwe ulale kidogo kama mgongo wa punda, vinginevyo chochote utakachopanda kitaanguka nacho. Chini kabisa maji yanapogusa weka gabioni, zile kreti za waya zilizojazwa mawe, zinapinda mto unapochimba, zinashuka nao, hazivunjiki kama zege. Sio rahisi lakini mkichanga nyumba nane mnaweza, wewe peke yako huwezi na haina maana maana mto utapita pembeni yako. Juu yake nyasi za vetiva, miche ipandwe karibu karibu upana wa kiganja, mistari inayokata mteremko. Mizizi yake inashuka kwenda chini mita mbili tatu. Juu zaidi mianzi, na matete yaacheni yarudi, hamna haja ya kuyanunua. Nyoka mnunulie mkeo buti.

Maji ya bati yako yaingize kwenye tanki, yanayozidi yachimbie shimo la mawe upande wa barabara mbali na ukingo, usiyamwage nyuma ya nyumba, hayo maji yako mwenyewe yanakusukuma. Na kile choo kifukie kabla ya masika, nakuomba.

Yote haya ni bure wale wa fuso wakiendelea kwenye kona. Hakuna nyasi inayoshindana na koleo.

Hatua Kumi na Moja amejibu (baada ya miezi mitatu):

Wakuu narudi kutoa mrejesho, samahani nilipotea.

Hatujaenda mahakamani. Tulikaa kikao nyumba kumi na moja, pande zote mbili za mto, na ilikuwa mara ya kwanza nawaona wa ng'ambo uso kwa uso japo tunasikia redio zao kila siku. Kumbe wao walikuwa na barua yao tayari ya kunishtaki mimi, walisikia nataka kujenga ukuta. Tukacheka ila sio sana. Barua imeenda Bodi ya Bonde, majibu hayajaja, wamekuja mara moja wakapima wakaandika wakaondoka. Na swali la mita 60 waliniuliza, kama wakili alivyosema, nikajibu ndiyo najua.

Choo nimefukia. Vetiva tumepanda mistari minne, miche tuligawana, imeshika vizuri isipokuwa kwa mzee mmoja mbuzi wake walimaliza usiku mmoja. Gabioni bado tunachanga.

Kwenye njia ya malori tumelaza gogo. Gogo lenyewe ni ule mwembe wangu, vijana waliuburuta kutoka mtoni. Wiki iliyopita fuso ilikuja saa saba, ikasimama mbele ya gogo taa zimewaka kama dakika kumi, ikarudi kinyumenyume. Sasa wamehamia kona ya juu, upande ambao hatujafika kuongea na watu. Nikitoka nje usiku naziona tochi zao kule juu.

Leo asubuhi nimepima, hatua 10 na nusu.

Mama Vetiva amejibu:

Shimo la kona ya juu litanasa mchanga uliokuwa unashuka kuja kwako, usidhani umepona. Jumamosi panda huko juu ukawasalimie, nenda na miche.