Remasta ni rekodi nyingine au ni ile ile? Mnachora wapi mstari?

mpanga_mafaili
Habari wakuu. Napanga muziki wangu kwa mfumo wa MusicBrainz, ile hifadhidata ya muziki ya mtandaoni: utunzi wenyewe, halafu rekodi, halafu toleo (santuri au CD yenyewe iliyotoka). Utunzi na toleo havinisumbui. Rekodi ndiyo inayonivuruga kichwa. Kuna wimbo ninao kwenye santuri ya mono (sauti ya njia moja), santuri ya stirio (njia mbili, kushoto na kulia), CD ya zamani, CD ya remasta, kipande kilichofupishwa kwa ajili ya redio, na uliopigwa jukwaani. Programu ya utambuzi inasema zote ni kitu kimoja, isipokuwa ule wa jukwaani. Masikio yangu yanakataa. Mnaamua kwa urefu? Mwaka? Msimbo wa ISRC, ule wa kimataifa wa kutambulisha rekodi? Nawasilisha.

fundi_miksi
Mkuu, mwaka uweke pembeni, huo ni wa toleo. Urefu nao unakupa fununu tu. Kimya cha sekunde mbili mwishoni mwa CD hakizai rekodi.

Mimi mstari wangu uko kwenye miksi. Wanamuziki wakishapiga, kuna mtu anakaa mezani kupanga sauti: gitaa lipande hapa, waitikiaji washuke pale, mwisho ufifie. Kinachotoka mezani hapo ndiyo rekodi. Anayekuja miaka ishirini baadaye kusafisha mikwaruzo na kuongeza besi anafanya masteringi, na masteringi haileti rekodi mpya hata jalada lipige kelele "REMASTA" kwa dhahabu. MusicBrainz nao hawahesabu masteringi.

Kwa hiyo CD zako mbili ni rekodi moja, mradi zimetoka kwenye miksi ile ile. Cha redio kiwe peke yake, maana kuna mtu alikata. Cha jukwaani hakina mjadala.

Mono na stirio ni mbili. Anayebisha asikilize "Helter Skelter" ya Beatles ya mwaka 1968. Kwenye stirio wimbo unafifia, unarudi, na mwisho kabisa mpiga ngoma wao Ringo Starr anasikika akilalamika kwamba vidole vimetoka malengelenge. Mono inafifia mara moja na kuishia hapo hapo, fupi kwa karibu dakika nzima, na Ringo humsikii. Ukiziunganisha unamwambia mwenye mono kwamba anacho kitu ambacho hana.

sikio_kali
Naunga mkono. ISRC nayo usiitegemee peke yake. Ni herufi na tarakimu 12, na ule mwaka ulio ndani yake si lazima uwe wa kurekodi. Kinadharia rekodi moja ina msimbo mmoja. Kwa vitendo wimbo ule ule ukitolewa upya unaweza kukutwa na msimbo wa pili.

Programu yako kama inatumia AcoustID, mfumo wa kutambua wimbo kwa sauti yake, haijakosea, wewe ndiye unaipa kazi isiyo yake. Inageuza sauti yote kuwa mono kwanza, kisha kwa kawaida inasoma sekunde 120 za mwanzo. Stirio imeshapotea kabla kazi haijaanza! Na kilichokatwa dakika ya nne itakijuaje?

Ila fundi, nikubane kidogo. Chukua albamu ya jazi, Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa na mashine iliyokuwa ikienda polepole, kwa hiyo zikichezwa kwa kasi ya kawaida zinakimbia, na kwenye santuri zikatoka juu kidogo ya tuni. CD ya 1992 ndiyo iliyorekebisha. Upigaji ni ule ule. Moja au mbili?

fundi_miksi
Hapo umenipata pazuri. Kama mtu angeirudisha tu kasi ya mkanda ule ule, ningesema moja, kasi ni jambo la masteringi. Lakini marekebisho yale yalitoka kwenye mkanda wa akiba, uliorekodiwa na mashine ya pili siku ile ile. Chanzo tofauti, miksi imepangwa upya. Naziweka mbili, na kwenye maelezo naandika "kasi iliyorekebishwa" ili anayekuja nyuma yangu asiziunganishe kwa kuona majina yanafanana.

mpanga_mafaili
Nimeelewa wakuu. Na pale ambapo sijui CD imetoka kwenye miksi gani?

fundi_miksi
Usiunganishe. Rekodi mbili zilizopaswa kuwa moja utaziunganisha siku yoyote kwa kubofya. Ukishaziunganisha kimakosa, itabidi upitie toleo moja moja ukisikiliza upya lipi lilikuwa na ipi, na nusu ya matoleo hayo huna.