Nimeachiwa kobe aliyetelekezwa kwenye nyumba niliyopanga Chake Chake. Nianze na lipi?

Mshonaji wa Machomanne:

Asalamu alaykum jamani. Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi.

Mwezi uliopita nilihamia nyumba ya kupanga hapa Machomanne. Mwenye nyumba kaenda zake Dar kwa mwanawe, kaniachia funguo, ndoo mbili na, bila ya kunambia, kobe. Nilimkuta siku ya tatu nyuma ya tangi la maji, juu ya sakafu ya saruji, pahala jua halifiki. Kafungwa waya wa umeme uliopitishwa kwenye tundu waliyomtoboa ukingoni mwa gamba. Mbele yake sahani ya bati ina wali mkavu na vichwa vya dagaa. Jirani ananambia kobe huyo yuko pale tangu mtoto wake yuko darasa la tatu. Mtoto huyo sasa ana mke.

Nilipompigia simu mwenye nyumba alicheka. "Huyo hafi, we mpe makombo tu."

Hali yake ni hii. Ni wa manjano mwenye madoa meusi, mgongo umesimama vinundu kama vitumbua vilivyobanana kwenye sinia. Mdomo wa juu umerefuka ukapinda kama wa kasuku. Macho yamevimba, la kushoto halifunguki. Kucha ndefu hata akitembea utadhani kavaa mtalawanda. Nimempima kwa tepu yangu ya kushonea, sentimita 27, na kwa mizani ya muuza samaki, kilo mbili na robo (muuza samaki kaniuliza nauza kwa kilo au mzima mzima).

Nimempa ndizi na tango, hakugusa. Mama anasema nimpake mafuta ya nazi gamba ling'are. Shemeji anasema nimpeleke Mkoani nikamtie baharini "arudi kwao". Na kuna mtu kaahidi kuja Jumamosi kumpiga sindano ya minyoo.

Pweza Mkavu:

Shemeji yako asipewe uwaziri wa uvuvi. Kasa ana mapezi, kobe ana miguu ya tembo. Huyo kwao si baharini.

Baharia wa Forodhani:

Wa alaykumu salaam mwanangu. Mimi nimepeleka wageni kwa boti kisiwa cha Changuu, kule kwenye kobe wakubwa, miaka ishirini na nne, na nyumbani Kikwajuni nilikuwa na kobe watatu wa aina hiyo hiyo yako. Sasa nnao wawili.

Wa tatu alikuja kwangu kama huyo wako, mifupa na gamba. Nikamwonea huruma, nikaita mtu anayetibu mifugo. Akampiga ivermekitini, dawa ile ile ya minyoo wanayopigwa ng'ombe na mbuzi. Kwa mbuzi dawa nzuri. Kwa kobe ni sumu, inampooza. Kesho yake shingo imelala chini, miguu anaiburura. Siku ya tano nikachimba shimo chini ya mpera uani. Yule bwana hakukusudia, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo Jumamosi mgeni wako akija mpe chai, kisha mwambie akuoneshe kichupa. Kikiwa ni ivermekitini, arudi nacho. Minyoo na isubiri mpaka kobe apate nguvu, tena kwa dawa nyengine na mtu anayejua kobe.

Ndizi na tango weka kando. Wiki hii ya mwanzo usihangaike na chakula, hangaika na maji. Huyo kala wali na dagaa miaka yote, na kobe wa aina hiyo ni mla nyasi. Dagaa zinamchosha figo, na maji hakuwa nayo ya kuzisafisha. Chukua beseni, tia maji ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yafike pale gamba la juu linapokutana na la tumbo, yasipite shingo. Muweke humo robo saa mpaka dakika ishirini, kila siku. Atatia uso majini na utaona koo inapiga. Atachafua maji, mwaga, mtilie mengine. Atatoa pia kitu cheupe. Kikiwa laini kama uji mzito, shukuru. Kikiwa na chenga chenga kama mchanga, ujue alikauka sana, mzidishie maji, mara mbili kwa siku.

Usimshindilie. Aliyeshinda na njaa muda mrefu akila mengi kwa ghafla, mwili unashindwa. Baada ya siku tano sita mpe kidogo: ukoka, matembele, jani la boga, majani ya mzunze. Mpungate pia wanaupenda, uparuze miba kwanza. Mchicha mara moja moja tu, kwani una kitu kinachoifunga chokaa ya chakula isiingie mwilini. Najua Changuu wageni wanawapa mchicha kutwa. Wale wana kilo mia na zaidi, na wanachunga majani uwanjani. Huyo wako ana kilo mbili na gamba bovu. Matunda usimzoeshe, yatamharisha.

Chokaa utaipata bure. Nenda ufukweni uokote lile gamba jeupe jepesi la dome, ndugu yake ngisi, lile wanalopewa kasuku. Liroweke siku mbili kwa maji matamu chumvi itoke, likaushe, mtupie. Atalitafuna mwenyewe, na mdomo nao utasagika kidogo kidogo. Kwa urefu ulionitajia utahitaji kukatwa, lakini si kwa mkasi wako wa nguo! Ndani ya mdomo mna damu. Kucha hali kadhalika. Akitembea kwenye udongo wenye changarawe kucha zitapungua zenyewe.

Mtoe kwenye saruji leo. Uani penye jua la asubuhi, na kivuli cha kukimbilia. Jua la kwenye kioo cha dirisha halimfai, kinachohitajika kwa ajili ya gamba hakipiti kwenye kioo. Macho yale yamevimba, kwa hiyo mchunge na kunguru wetu hawa, na usiku mweke ndani ya boksi lenye nyasi kavu, juu ya ubao. Panya anatafuna miguu ya kobe na kobe hapigi kelele.

Mafuta ya nazi yabaki jikoni. Gamba lina damu na fahamu, si meza. Mafuta yatashika vumbi tu. Tundu lile usilizibe kwa gundi. Lioshe kwa dawa ya ayodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi hafifu. Na vile vinundu, mwanangu, havitaondoka. Kitakachoota kuanzia sasa ndicho kitakuwa laini.

La bahari: kobe wakubwa wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, wanaelea. Disemba 2004 mmoja alitokea pwani ya Kimbiji, kusini ya Dar, amekonda, miguu imeganda vile vigamba vinavyoota chini ya mashua. Kasafiri na maji kutoka Aldabra, kilomita zaidi ya mia saba. Basi asije shemeji yako akaisoma habari hii akapata hoja. Huyo wako atakufa maji.

Kijana wa Konde:

Kwa nini asimpeleke tu msitu wa Ngezi akamwachia? Si ndiyo maumbile yake?

Baharia wa Forodhani:

Kipofu wa jicho moja, hajawahi kutafuta jani lake mwenyewe, na hujui ana ugonjwa gani wa kuwaachia walioko huko. Hapana. Changuu kwenyewe wale wanne walioletwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli walizaana wakafika mia mbili kwenye 1955, halafu watu wakawaiba, 1996 wakabaki saba. Kilichowarudisha ni ua na walinzi.

Bint Mtambwe:

Mimi niko kwenye mifugo, naunga mkono hapo kwenye ivermekitini, na sindano ya vitamini A nayo muikatae. Macho kuvimba mara nyingi ni upungufu wa vitamini hiyo, lakini sindano ikizidi ngozi ya kobe inachubuka. Matembele na jani la boga vitamfanyia kazi, taratibu. Macho yasafishe kwa pamba na maji ya chumvi ya hospitali.

Kitu cha kutosubiri: mapovu puani, au akiinua shingo na kufungua mdomo kila anapovuta pumzi. Kobe hawezi kukohoa akatoa makohozi. Kipupwe hiki usimwache akalala kwenye unyevu.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, na beseni lake lisiwe la vyombo. Na uende ofisi ya Misitu, ndio wanaosimamia wanyama wa porini, ukawaeleze vipi umempata, mapema, kabla hawajakusikia kwa jirani.

Mshonaji wa Machomanne:

Ahsanteni. Mgeni wa Jumamosi kaja, kanywa chai, kichupa kilikuwa hicho hicho. Kaondoka kanuna.

Mshonaji wa Machomanne (miezi mitano baadaye):

Narudi na habari. Siku ya nne ya beseni alitoa uji mweupe una chenga, nikafanya mara mbili kama alivyosema mzee. Siku ya tisa alitafuna jani moja la matembele, moja tu, nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Jicho la kushoto lilifunguka wiki ya sita. Mdomo alikatwa kidogo kidogo mara tatu na mtu aliyenielekeza Bint Mtambwe. Misitu nilikwenda, wakaandika, wakaja kumuona. Leo kilo mbili na gramu mia tisa, muuza samaki ni yule yule.

Nimemwita Sultani. Mwenye nyumba kasikia kapona, kapiga simu anamtaka. Nimemwambia waya wake nimeutupa.

Sasa jengine. Tangu juzi Sultani hali vizuri, anazunguka uani kama kapoteza kitu. Leo jioni kajibana karibu na ukuta, anachimba kwa miguu ya nyuma. Nimemhamisha mara mbili, anarudi pale pale. Ndiyo maradhi gani tena?

Baharia wa Forodhani:

Mwanangu, mkia wake ni mfupi au mrefu? Na gamba la tumbo limebonyea ndani au liko bapa?

Mshonaji wa Machomanne:

Mfupi. Bapa.

Baharia wa Forodhani:

Basi usimhamishe mara ya tatu. Mwagia maji kidogo pale anapochimba udongo ulainike, rudi ndani, zima taa ya uani. Sultani anataga.