Kupiga picha galaksi ya M83 kutoka uani Wete, Pemba: nyota zinavutika

Assalaam alaykum. Lenzi mm 200, f/4 (uwazi wa lenzi), kifuatilia nyota (kifaa kinachozungusha kamera kufuata anga), sekunde 60 kila picha; kila nyota inatoka kama kistari. Nirekebishe nini?

— Waalaykum salaam. Mhimili wa kifuatilia haujaelekea ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota huonekana kuzunguka. Wete ncha iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, minazi huiziba. Kwa hiyo chagua nyota karibu na ikweta ya anga (mstari wa katikati kati ya ncha mbili za anga), ikiwa juu kabisa: ikihama kaskazini au kusini, zungusha mhimili kushoto au kulia mpaka itulie. Kisha fanya hivyo kwa nyota ya mashariki, urekebishe mwinuko wa mhimili.

— Kwa sasa shusha hadi sekunde 30, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, piga picha 120, uziunganishe. Katikati ya Juni, masika yakishaisha, saa 2:30 usiku M83 iko nyuzi 65 juu ya upeo, upande wa kusini.

— Umande, sheikh! Funga mkanda wa joto kwenye lenzi mapema, kabla kioo hakijapata ukungu.